Miti ya masoko ya mpakani ipogolewe kabla ya masika

Mvua za masika hushika kasi mwezi Machi katika sehemu kubwa ya Kenya, Uganda na kaskazini mwa Tanzania. Mfanyabiashara wa Busia, Malaba, Namanga au Mutukula anazijua dalili zake: mawingu hujikusanya mchana, vumbi hupanda, maturubai huanza kupigapiga kama matanga, na kila mtu hukimbilia chini ya mti. Hapo ndipo penye hatari. Mti uliomkinga na jua tangu Januari ndio unaoweza kumwangushia tawi katika dakika chache za upepo wa kwanza, kwa sababu tawi kavu lililotulia juu kwa miezi hulowa, huwa zito, kisha hutikiswa, yote kwa mara moja.

Yanayofuata baada ya tawi kuanguka yanajulikana pia. Kibanda kimevunjika, pikipiki imepondeka, pengine mtu amelazwa hospitali. Kesho yake huletwa chenso, na mti mzima huondoka, pamoja na miwili ya jirani ambayo haikuwa na kosa. Hasira hiyo inaeleweka, hasa kwa aliyeumia. Lakini wiki haiishi kabla ya wauza nyanya kuanza kutafuta miamvuli, na mama ntilie kuhamishia meza zake kwenye ukuta wa ofisi ya serikali, mahali ambapo askari atamfukuza. Kati ya kuuacha mti hadi uue na kuung'oa kabisa iko njia nyingine, nayo ni kuupogoa kwa wakati na kuupogoa vizuri. Si njia ya gharama kubwa. Inachotaka ni mtu wa kuipanga wakati mbingu bado ni kavu.

Anayedhani kivuli ni anasa na asimame saa 6 mchana kwenye lami ya Namanga akiwa na kreti 4 za nyanya. Nyanya iliyopigwa na jua kutwa hulegea. Mchicha na sukumawiki hunyauka kabla ya saa 8. Ndizi zilizovuka Holili asubuhi zikiwa za kijani hubadilika rangi kabla hazijapata mnunuzi wa kuzipakia Taveta. Bei ya mchana mara nyingi hushuka wala si kwa uchache wa wanunuzi. Mali yenyewe imechoka. Vituo vya pamoja vya mpakani, kama vile vya Busia na Namanga vilivyofunguliwa rasmi mwaka 2018, vimepunguza muda wa kusubiri, lakini havijauondoa. Dereva wa lori anayengoja hati zake bado hulala chini ya mti, na mfanyabiashara mdogo, yule mwenye mzigo wa kichwani au wa baiskeli, bado shughuli yake iko nje ya lango, kando ya barabara. Kwake kivuli ni sehemu ya mtaji, tena sehemu ambayo hakuilipia.

Kosa kubwa linalofanyika kwa nia njema ni kuukata mti kichwa. Fundi hupanda, hukata matawi yote makubwa katikati, na kuuacha mti umesimama kama nguzo yenye vigutu. Watu huridhika, maana mti umepungua na hatari inaonekana imekwisha. Haijaisha. Jani ndilo jiko la mti, na mti uliopokonywa majani yote kwa siku moja hutoa machipukizi kwa pupa kuzunguka kila kigutu ili usife njaa. Machipukizi hayo hayajashikamana na kiini cha mbao kama tawi la asili. Yameshikwa na tabaka la nje tu. Kwa joto na mvua za ukanda wa Ziwa Victoria, katika miaka 2 au 3 yanakuwa marefu na mazito, huku kigutu kinachoyabeba kikioza chini yake. Mti uliokuwa na tawi moja la kuogopwa sasa unayo mengi, na soko limekwisha kulipa ili liyapate.

Sababu ya kuoza huko inafaa kueleweka, kwa kuwa ndiyo inayoamua msumeno upite wapi. Jeraha la mti haliponi kama ngozi ya mtu. Alex Shigo, mtaalamu aliyefanya kazi katika Idara ya Misitu ya Marekani, alitumia miaka mingi akipasua miti kwa msumeno wa injini, maelfu ya miti, ili aone kilichotokea ndani ya majeraha ya zamani. Alichokikuta ni kwamba mti haufufui sehemu iliyoharibika. Huizungushia ukuta, kisha huendelea kukua nje ya ukuta huo. Kinga yenye nguvu iko kwenye ile pete ya gome iliyovimba kidogo pale tawi linapotoka shinani. Tawi likikatwa nje kidogo ya pete hiyo, jeraha hufungwa taratibu. Pete yenyewe ikikatwa ili shina liwe laini kama ukuta uliopigwa plasta, kinga imebomolewa. Na kikiachwa kigutu cha urefu wa mkono, mti hauwezi kukifunika, na kuvu hukitumia kama mlango wa kuingilia shinani. Rangi, lami na oili chafu zinazopakwa juu ya jeraha hazizuii kuoza, na fundi anayetoza fedha za rangi anatoza bure. Chokaa inayopakwa chini ya shina ni jambo jingine: humsaidia dereva kuuona mti usiku, basi.

Tawi zito halikatwi kwa mkato mmoja. Likikatwa kutoka juu peke yake, huvunjika kabla msumeno haujamaliza kazi na kuchana gome la shina kuelekea chini, na mti hubaki na kidonda kirefu. Fundi anayejua kazi hupiga mkato wa kwanza upande wa chini wa tawi, kama sentimita 30 kutoka shinani, usiozidi theluthi ya unene wake. Wa pili hupigwa kutoka juu, mbele kidogo ya ule wa kwanza, hadi tawi lidondoke. Wa tatu huondoa kigutu kilichobaki, nje ya pete. Pale palipo na vibanda, tawi hufungwa kamba kwanza likashushwa. Panga halifai kwa matawi manene, maana hupasua na kuacha nyufa. Kwa msimu mmoja haifai kuondoa zaidi ya robo ya majani ya mti, na mti mzee uondolewe chini ya hapo. Kazi yote ifanyike siku isiyo ya gulio, eneo likiwa limezungushiwa kamba, na asiwepo mtu wa kupita kwa sababu ana haraka. Yule mwenye haraka ndiye huumia.

Hadi hapo ni ufundi. Tatizo lenyewe limo kwenye malipo, na hilo wafanyabiashara wanalielewa kuliko mtaalamu yeyote wa misitu. Mara nyingi fundi wa kupogoa hulipwa kwa kuni. Kamati ya soko huona imepata kazi ya bure. Lakini tawi kavu lililooza halina bei. Ni jepesi, huwaka mara moja likaisha. Kuni nzuri na mkaa mzuri vimo kwenye tawi nene, bichi, lenye afya. Fundi anayelipwa kwa kuni atakata palipo na kuni, na lile tawi kavu lililo juu kabisa, ambalo kulifikia ni kuhatarisha shingo yake, ataliacha palepale. Si mwizi, amefuata bei aliyopewa. Matokeo yake mti hupoteza matawi yaliyoufanya usimame wima na kubaki na yale yanayoua.

Fundi alipwe fedha, kwa kazi iliyoandikwa: matawi gani, mangapi, na mkato uishie wapi. Kuni zibaki mali ya soko, ziuzwe kwa mama ntilie wa hapohapo, na mapato yapunguze gharama. Zisivushwe mpaka kienyeji. Mazao ya misitu yana vibali vyake kila upande, na mkokoteni wa magogo unaweza kumletea mtu kesi ambayo faida ya kuni haiwezi kuilipia.

Miti nayo hailingani kwa tabia. Mkaratusi una desturi ya kudondosha tawi zima, bichi, siku ya jua kali isiyo na upepo hata kidogo. Kijiwe cha bodaboda kilicho chini ya mkaratusi mkubwa kihamishwe, kwa kuwa kupogoa peke yake hakutoshi. Mparachichi una mbao zinazovunjika kirahisi, na gome lake likifunuliwa ghafla kwa jua huungua, hivyo upunguzwe kidogokidogo. Mwembe una kichwa kizito kinachoshika unyevu, na unyevu ndio hulea magonjwa ya kuvu yanayoyafanya maua na matunda machanga kuwa meusi. Ukifunguliwa katikati baada ya mavuno ili mwanga na hewa vipite, hunufaika mti na hunufaika anayeuza embe zake. Mwembe wenye kirukia, ule mmea unaoota juu ya tawi na kulinyonya, ukatwe tawi lenyewe chini ya pale kilipojishika, maana kukwanyua majani yake tu ni kukipa nafasi ya kuchipua upya. Mjohoro huvumilia kupogolewa na huchipua haraka. Lungalunga na Horohoro wana hatari nyingine, nazi. Mnazi una kichomozo kimoja tu juu, na ukikatwa hapo umekufa. Kazi ya mkwezi ni kuangua nazi zilizokomaa na kushusha makuti makavu, majani mabichi yabaki. Kuna pia miti ya mijini ambayo kongoti wameifanya mtaa wao, kama ilivyo Kampala, na muuza mitumba aliye chini yake hahitaji kuelezwa hasara.

Lawama zote haziwezi kuwekwa kwa halmashauri, hata hivyo. Mengi yanayodhoofisha miti ya sokoni hufanywa na haohao wanaoitegemea. Waya wa kufungia turubai ukizungushwa shinani na kuachwa miaka, mti hukua na waya hubaki ulivyo, hadi unaukaba mti mahali ambapo chakula hupita kutoka kwenye majani kwenda mizizini. Jiko la mafiga matatu likiegemezwa kwenye shina huua gome la upande huo, na upande wa mizizi ulio chini yake. Maji ya moto ya vyombo humwagwa palepale kila siku. Misumari ya mabango ya miamala ya simu huongezwa kila kampuni inapobadili rangi. Malori huegeshwa juu ya mizizi hadi udongo unakuwa mgumu kama tofali na maji hayapenyi. Kisha huja aliyejenga kibaraza na kumwaga zege hadi kwenye shina. Mti wa namna hiyo huanza kukauka kutoka juu, na watu husema umezeeka. Nguzo ya mbao ya kufungia turubai ni nafuu kuliko kupoteza kivuli, na mama ntilie anaweza kusogeza mafiga hatua 5 bila kupoteza mteja hata mmoja.

Swali linalokwamisha kila kitu ni hili: mti ni wa nani? Ulio kwenye hifadhi ya barabara uko chini ya wakala wa barabara. Ulio ndani ya soko ni wa halmashauri kwa upande wa Tanzania, na wa serikali ya kaunti kwa upande wa Kenya, kwa kuwa Katiba ya mwaka 2010 iliweka masoko mikononi mwa kaunti. Ulio chini ya nyaya unamhusu mgavi wa umeme pia. Na ulio kwenye kiwanja cha mtu ni wake, hata kama tawi lake limeingia sokoni. Pale Namanga, hatua chache humtoa mtu Kaunti ya Kajiado na kumwingiza Wilaya ya Longido. Tawi halihitaji hata hatua moja. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya vituo vya pamoja vya mpakani, ya mwaka 2016, iliandikwa ili maofisa wa nchi mbili wafanye kazi mahali pamoja. Haikuandikwa kwa ajili ya mwembe ulio nje ya uzio. Ndiyo maana barua ya mfanyabiashara kuhusu mti mbovu hurushwa kutoka ofisi moja kwenda nyingine hadi mvua inapoijibu.

Vyama vya wafanyabiashara vya pande mbili vinaweza kulikata fundo hili bila kusubiri sheria mpya. Vifanye ukaguzi wa pamoja mara moja kwa mwaka, vikitembea mti kwa mti, na kila mti wa mashaka upewe namba kwa rangi. Dalili za kutazama hazihitaji digrii. Tawi lisilo na majani wakati mengine yamechanua. Uyoga uliojitokeza kwenye shina au mizizini, ambao maana yake ndani kumeoza. Ufa pale shina linapogawanyika mara mbili. Sauti ya uwazi shina linapogongwa kwa nyundo. Udongo ulioinuka upande mmoja wa mti ulioinama, na hii ndiyo ya haraka kuliko zote: mti huo umeanza kung'oka, na haupogolewi tena bali huondolewa, na watu wahame kwanza. Orodha ipelekwe siku ileile kwa ofisi za nchi zote mbili, na nakala iwekwe mbele ya kamati ya pamoja ya mpaka, ambapo maofisa wa pande mbili huketi meza moja. Ofisi iliyopokea orodha yenye namba na tarehe haiwezi baadaye kusema haikujua. Ruhusa iombwe kabla ya kukata, kwa kuwa anayekata mti wa umma kwa hiari yake, hata kwa nia nzuri, anaweza kushtakiwa.

Na fedha? Kila asubuhi mchuuzi hulipa ushuru wa soko na kupewa risiti. Anayo haki ya kuuliza risiti hiyo inalipia nini zaidi ya kufagia. Kupogoa miti michache mara moja kwa mwaka ni sehemu ndogo ya ushuru unaokusanywa, na halmashauri au kaunti inayokusanya kila siku haiwezi kudai kwamba kazi ya mara moja kwa mwaka imeishinda.

Wenye malori wana sababu yao ya kulifuatilia jambo hili, na wengi huijua wakiwa wamechelewa. Kadi ya Njano ya COMESA, inayotumiwa na magari yanayovuka mipaka na ambayo Tanzania inashiriki ingawa si mwanachama wa COMESA, ni bima ya mtu wa tatu. Humlipa aliyegongwa na lori. Hailipi kioo na kabini zilizopondwa na tawi. Bima ya mtu wa tatu ya ndani ya nchi ni vivyo hivyo. Asiye na bima kubwa atabeba hasara mwenyewe, au aanze kutafuta mwenye mti katika nchi isiyo yake, kwa wakili wa huko. Shehena ya mchuuzi iliyotandazwa chini kwa kawaida haina bima yoyote. Dereva anayeegesha usiku na atazame juu kabla ya kuzima injini.

Jambo moja halifai kujaribiwa na soko lolote, nalo ni tawi lililo karibu na nyaya za umeme. Tawi bichi hupitisha umeme, kamba iliyolowa hupitisha, na ngazi ya chuma ndiyo zaidi. Huko hukata mgavi wa umeme, baada ya kuzima laini, na kazi ya soko ni kutoa taarifa kwa maandishi na kutunza nakala. Wagavi hutangaza siku za kukata umeme ili kufyeka miti iliyo njiani mwa nyaya, na mara nyingi mafundi wao hukata upande mmoja tu wa mti, ule wa waya, na kuuacha umeelemea upande wa vibanda. Kamati iwepo siku hiyo, ikiwa na orodha yake mkononi.

Kalenda haifanani kila mpaka. Busia na Malaba mvua huwa nyingi kuanzia Machi hadi Mei, kisha hurudi kuelekea mwisho wa mwaka, kwa hiyo Januari na Februari ndiyo miezi ya kazi. Namanga, Holili na Taveta wana Februari pia, na wana nafasi ya pili Agosti na Septemba kabla ya vuli. Tunduma na Nakonde wana msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili hivi, na huko kupogoa ni Septemba na Oktoba. Fundi mwenye msumeno mkali, kamba nzima na kofia ngumu anaweza basi kumaliza kazi ya kaskazini kabla ya masika na bado akapata kandarasi kusini kabla ya mwaka kwisha, na masoko yanayoshindwa kumpata fundi wa kuaminika karibu nayo yanaweza kuulizana jina lake kuvuka mpaka, kama yanavyoulizana bei ya mahindi.